Nani Atapanda Miti ya Maporomoko

Sogeeni, Josué na Timothée, na wewe Claudine, binti yangu, niinue kichwa kidogo, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na ile nafasi yetu kwenye maporomoko sitaki mje kuigombania mkishanizika.

Nyumba ni ya mama yenu na Claudine, hilo limekwisha. Lakini miti tuliyoisimika kwenye mawe yetu sisi wavuvi Wagenia, pamoja na mitego ya samaki inayoning'inia juu ya maji, tangu enzi za babu zetu hupewa mzaliwa wa kwanza, naye hupanda juu yake, hufunga kamba za mwituni na kushusha mitego, mto ujae usijae. Faustin, ndugu yangu, najua unangoja nimtaje Josué, mkubwa wao, na nikikawia utaniambia mtoto wa nyoka ni nyoka. Bon, ngoja kwanza.

Mnamkumbuka Gracia, yule mwanafunzi wa chuo aliyekuja kupima kama watu wanaridhika na kazi zao, na kazi inawapa nini zaidi ya chakula? Alikuwa na adabu, ila alimkalisha Josué kando yangu ndipo akamuuliza. Mtoto gani wa Wagenia ataisema vibaya miti ya baba yake, baba mwenyewe anasikia? Josué akainama, akajibu, "Kazi iko muzuri, naipenda sana." Binti akaandika, akashukuru, akaenda zake, na mimi sikulala vizuri.

Maana na mimi nina kipimo changu. Kazi ikimlipa mtu moyoni, hata akirudi mikono mitupu, ataisimulia. Timothée huyu anarudi ameloa chepechepe, chakula kinapoa, anatusimulia hadi samaki aliyemponyoka, anatuchosha kabisa. Wewe Josué unatoka majini, unakula kimya, unalala. Lakini siku ukifufua injini ya mashua ya mtu pale ufukweni, unaongea mpaka mkeo anakuambia basi. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, mwanangu, na mimi nimeuona moyo wako ukififia, ukaniuma.

Alors, neno langu ni hili. Miti na mitego nampa Timothée. Faustin, usiwachonganishe, wazee wakiuliza, waambie mimi ndiye niliyesema, na nilikuwa na akili zangu. Timothée, samaki wa kwanza mpelekee kaka yako, maana mkubwa ni mkubwa. Josué, jenga kibanda chako cha injini, usimwombe mtu ruhusa.

Nipe maji, Claudine. Asante, mama.

Radhi zangu nawaachia nyote, sawasawa. Mungu awape kazi ya kuwachosha mwili, isiwachoshe roho. Pumzi... inaniishia.

Josué, nipe mkono. Miaka yote hiyo ulipanda kwa ajili yangu, nami nilijua, na nilikupenda kwa hilo. Imetosha, papa, mwanangu. Sasa shuka.