Mchezaji Nyuma ya Picha ya Baba

MAMA KICHANGA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema polepole, mtoto ndio kwanza amesinzia.

DADA MKUBWA: Wifi yako, dada wa mumeo. Namba mpya hii. Hamjambo huko?

MAMA KICHANGA: Hatujambo. Shikamoo, wifi.

DADA MKUBWA: Marahaba. Haya, nieleze. Mdogo wangu kanitumia picha ya sebule yenu. Marehemu Baba yuko wapi?

MAMA KICHANGA: Yuko juu ya meza ya kulia. Fremu mpya, kioo kipya—

DADA MKUBWA: Nauliza ukuta mkubwa! Pale alipokaa tangu sisi wadogo. Naona dude jekundu, miguu juu kama kuku aliyechinjwa!

MAMA KICHANGA: (anacheka) Ni mcheza dansi. Mchoro wa kizamani.

DADA MKUBWA: Hana hata uso!

MAMA KICHANGA: Mchoraji hakuhitaji uso. Mistari mitano sita tu, na sketi inazunguka. Mwalimu wetu wa darasa la sanaa la jioni anasema—

DADA MKUBWA: Hayo masomo ya jioni yatakuvunjia ndoa.

MAMA KICHANGA: Ndoa ipo, wifi. Imelala kwenye kochi, mtoto kifuani.

DADA MKUBWA: Usinitanie. Umeokota wapi uchafu huo?

MAMA KICHANGA: Humu humu ndani. Kioo cha Baba kilipasuka. Nilipofungua fremu nimpelekee fundi, nikaukuta nyuma yake, umelazwa vizuri, umefunikwa na karatasi laini.

(mkwaruzo wa simu)

DADA MKUBWA: …nyuma ya Baba?

MAMA KICHANGA: Nyuma ya Baba. Basi nikaupaka ukuta rangi ya maziwa, nikashona foronya nyekundu kama sketi yake. Wifi, chumba kimeamka!

DADA MKUBWA: Kilaze tena. Mama anakuja kesho. Akikuta mumewe kasogezwa kwa ajili ya mkata viuno, moyo utamsimama. Ung'oe leo.

MAMA KICHANGA: Siung'oi.

DADA MKUBWA: Unasemaje?

MAMA KICHANGA: Nakuheshimu, lakini siung'oi. Nyumba hii nadeki mimi, nalea humu mimi. Binti yangu akifungua macho nataka aone mtu anayeruka.

DADA MKUBWA: Kiburi hicho! Mama akija—

MAMA KICHANGA: Mama ameshafika. Tangu mchana.

DADA MKUBWA: Ati? Ameuona?

MAMA KICHANGA: Alisimama mbele yake mkoba ungali begani. Nikajua leo nafukuzwa. Mara akauteremsha mwenyewe—

DADA MKUBWA: Si nilikwambia!

MAMA KICHANGA: —akaugeuza, akautundika tena. Kumbe niliuweka kichwa chini miguu juu. Akasema mguu uliobeba mwili ni wa kushoto.

DADA MKUBWA: Amejuaje?

MAMA KICHANGA: Ni yeye, wifi. Alikuwa akicheza jukwaani kabla hajaolewa. Walimchora kwa tangazo la onyesho.

DADA MKUBWA: Mama? Mama yetu huyu?

MAMA KICHANGA: Huyu huyu.

DADA MKUBWA: Redio yetu… Baba akiwapo haikufunguliwa muziki kamwe.

MAMA KICHANGA: Nimesikia.

DADA MKUBWA: Sasa nani aliuficha pale nyuma ya—

MAMA KICHANGA: Sikumwuliza. Ila kila Ijumaa si Mama mwenyewe alikuwa akiifuta ile picha ya Baba, hataki mtu aiguse?

DADA MKUBWA: …Alikuwa hataki.

MAMA KICHANGA: Basi.

DADA MKUBWA: Hata hivyo, watu watasema nini? Mwambie autoe. Mwambie mimi nimesema.

MAMA KICHANGA: Subiri. Mama! Dada Mkubwa anasema tuutoe! (sauti kwa mbali) Umesikia?

DADA MKUBWA: Mtandao unakata. Kasemaje?

MAMA KICHANGA: Anasema anayetaka kuutoa aje aanze kwa kumtoa yeye.

DADA MKUBWA: Yarabi! Dakika zangu zinaisha. Na hicho kishindo?

MAMA KICHANGA: Anasogeza meza.

DADA MKUBWA: Meza kwa nini?

MAMA KICHANGA: Amevua viatu, wifi. Mtoto kaamka, anamwonyesha— Mama, taratibu na goti! Ee, wifi, ungeona—

DADA MKUBWA: Nini? Haloo? Usikate! Anazunguka? Haloo? Nakuja kesho asubuhi, msiutoe mpaka nifi—