Bi. Joska Atoo Anaaga Chumba cha Kanda

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bi. Joska Atoo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni katika studio yetu ya Nakasero. Wateja wengi hawamjui kwa jina hilo. Kwao yeye ni Mama Oryem wa chumba cha nyuma, anayehamisha kanda za zamani za video na kuziweka kwenye diski.

Alikuja kwetu akitokea kambi ya polisi, alikoishi na mumewe, akaajiriwa kupokea wateja. Fundi wetu wa wakati huo, Okeny, alimwona siku moja akiinyoosha kanda iliyotafunwa na deki, ile mashine ya kuchezea kanda, kwa upole kama anayesuka nywele za mtoto. Akamwita amfundishe kazi. Hakurudi tena mapokezi.

Deki ikigoma, aliigombeza kwa Kiacholi hadi wateja wakadhani anasali. Bibi mmoja alimwomba amwondoe mume waliyeachana naye kwenye video ya harusi. Akajibiwa, "Mimi nahamisha tu, mama. Sifukuzi mtu."

Kazi tutakayoikumbuka zaidi ni ya Bwana Sifuna, Mkenya mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kyebando. Alileta kanda iliyoota kuvu kwa kukaa miaka kwenye stoo inayovuja. Ndani yake alikuwamo mamake, Nabangala, aliyefariki Sifuna akiwa bado shule ya msingi. Sauti yake alikuwa ameshaisahau. Kwingine walimshauri aitupe kanda hiyo.

Bi. Joska aliifungua, akaisafisha kipande kwa kipande kwa pamba na spiriti, akaivisha gamba jipya. Ilichukua wiki kadhaa. Deki ilikubali kuicheza mara moja tu, kisha kanda ikakatika. Lakini diski ilikuwa imeshashika kila kitu.

Picha zilirukaruka. Halafu mwanamke mwenye kitambaa kichwani akageuka kutoka jikoni, akamwuliza mtoto aliyekuwa mlangoni, "Sifuna, umekula?"

Bwana Sifuna, mtu mzima, kofia mkononi, aliijibu skrini kwa sauti ya chini: "Bado, mama."

Hakuna aliyecheka. Alipoondoka na diski yake, Bi. Joska alibaki kitini. Marehemu mumewe, Ochan, hakupenda kamera. Hakuna hata kanda moja yenye sura wala sauti yake.

"Watu wengi nimewarudishia watu wao," alituambia. "Mimi ningetoa chochote nisikie Ochan anakohoa tu pale mlangoni."

Kisha akauliza kanda inayofuata ni ya nani.

Siku hizi kanda zinazoletwa ni chache, na vipuri vya deki ni vya kutafuta kwa tochi. Kazi amemwachia Nerima, aliyemfundisha mwenyewe, na agizo moja: mteja akitazama, usimharakishe.

Mama Oryem, asante kwa subira yako, na kwa majina ya wateja uliyoyakumbuka kuliko sisi. Nenda salama Kitgum kwa mwanao. Tunakutakia afya, mvua ya wakati wake shambani, na nyumba yenye sauti nyingi. Jumatatu ukiamka, usikimbilie boda. Hakuna kanda inayokusubiri. Tunaokusubiri ni sisi, na tutazoea polepole.