Nilimpeleka Ruthi Banalia Asinione Nikifa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnivumilie niseme nikiwa nimekaa, maana miguu imevimba. Wengi mnanijua: ni mimi mama wa samaki wa kukausha, soko la Tshopo. Sikuja kusema nimepona. Sijapona. Nimekuja kusema Mungu alikonitoa.

Mwaka jana tumbo langu lilianza kukua. Wenzangu sokoni wakanipongeza, wakasema Mungu amenikumbuka, kwa sababu nina mtoto mmoja tu, Ruthi, na ana miaka sita. Nami nilifurahi. Ruthi alikuwa akiweka sikio kwenye tumbo, akimwita mdogo wake. Ndugu zangu, hapakuwa na mtoto. Lilikuwa maji. Docteur alimwita mume wangu, akatuambia wote wawili kwamba ini limeharibika, na dawa iliyobaki ni ya kupunguza maumivu tu.

Nilifunga na kuomba mpaka sauti ikakauka. Mbingu zilinyamaza. Nikamkasirikia Mungu, nikaacha kuja hapa kanisani. Wale waliokuja nyumbani kuniombea nilimwambia mume wangu awajibu kwamba nimelala.

Halafu nikafanya jambo ambalo niliona ni la hekima. Nilimpeleka Ruthi Banalia, kwa yaya yangu Marthe, dada yangu mkubwa. Nilijiambia kwamba mtoto akizoea kuishi bila mimi, siku ile haitamuumiza sana. Sikumwambia ukweli. Nilimwambia anaenda kutembea, na akirudi atamkuta mdogo wake. Ndiyo, nilimdanganya mtoto wangu mbele ya Mungu!

Mwanzoni alilia kwenye simu. Kisha akawa anakuja kusalimia tu na kukimbia kucheza. Kisha akaacha kuja. Siku moja, nikiwa naongea na Marthe, nilisikia sauti ya Ruthi kwa nyuma ikimwita: "Mama." Hakuwa ananiita mimi. Nilikata simu.

Ndilo nililokuwa nimelitaka, siyo? Lakini toka siku ile nilikataa chakula, nikakataa na dawa. Niligeukia ukuta nikangoja. Mume wangu alikaa kando ya kitanda akinisihi. Kaburi lilikuwa halijachimbwa, lakini mimi nilikuwa nimeshaingia.

Mama Véro, shemasi wetu, alikuja. Hakuomba kwa sauti. Alichemsha maji, akaniosha mgongo, akauliza Ruthi yuko wapi. Nilipomweleza, akasema:

"Mama yangu alikufa nikiwa kama Ruthi. Walinipeleka kwa tantine, dada ya baba, ili nisione. Nilikulaka muzuri, nilisoma. Lakini leo niko mutu muzima, na sura ya mama yangu siijui. Unamukinga na nini, dada?"

Aliendelea kuniosha. Mimi nililia mpaka nikashindwa kupumua. Ndugu zangu, nilikuwa nimemwomba Mungu anipe miaka, na siku alizonipa nilikuwa nazitupa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilimpigia Marthe simu, naye akamleta Ruthi kwa pikipiki, wamejaa vumbi la barabara. Ruthi aliponiona nilivyokonda alijificha nyuma ya Marthe. Sikumlaumu. Alikaa huko muda mrefu akiniangalia, kisha akauliza:

"Mama, mutoto iko wapi?"

"Hakuna mutoto, Ruthi. Ni ugonjwa. Itaniua."

"Leo?"

"Hapana, haiko leo."

"Kesho?"

"Sijui."

Alifikiri. Akaja, akakaa chini kati ya magoti yangu. "Alors, unisuke leo," akasema.

Nilimsuka. Mistari ilipinda, naye hakulalamika. Toka siku ile tunafanya kila siku kitu kimoja kidogo. Nimemfundisha kutwanga pondu, majani ya muhogo. Nimemfundisha majina ya bibi zake wote wa Yanonge. Tulijaribu hata kwenda huko kwa mtumbwi wa mota, sisi watatu. Mvua ilitunyeshea, mimi nikatapika njia nzima, Ruthi akalia, baba yake akakasirika, na tulipofika, bibi tuliyemfuata alikuwa ameenda shambani. Ruthi anaisimulia safari ile kwa kila mtu.

Sitawadanganya. Asubuhi nyingine naamka na hofu, na maombi hayatoki. Nikimwona Ruthi anakunja nguo zake peke yake, moyo unakatika. Bado namuuliza Mungu kwa nini, na bado hajanijibu. Lakini aliniondoa pale ukutani, na kwa hilo namshukuru mbele yenu nyote.

Ndugu, kama umewafungia watu wako mlango kwa sababu ya ugonjwa, ufungue. Mtumaini Bwana hata kama unatetemeka. Mimi ninamtumaini hivyo hivyo. Na ombi langu kwenu ni moja. Siku ile ikifika, mtu asimwambie Ruthi kwamba mama yake amesafiri. Anajua ninakokwenda. Nimemwambia mwenyewe, naye akaniuliza kama huko kuna mtu wa kunipikia.

Bwana asifiwe. Amina.