Wembe wa Papa Édouard

Papa Édouard Losala alizaliwa Opala, kando ya mto Lomami, tarehe 14 Machi 1961. Alimaliza darasa la sita hapo hapo mwaka 1974, kisha akaja Lubunga kwa mjomba wake, mtu wa reli.

Naye alifanya kazi ya reli hadi treni zilipokuwa haba. Ndipo akashika kazi ya babu yake, kuchanja chale na kupaka dawa. Ukoo wote na nusu ya mtaa walipita kwenye wembe wake mmoja. Alikuwa mtu wa kushuku. Hata maji ya jirani hakunywa. Mwaka 2022, watafiti walipokuja kupima damu ya watu wa Lubunga kutafuta homa ya ini, alijifungia chooni.

"Damu yangu munaipeleka wapi? Munaenda kuiuza?" aliwauliza kutoka ndani. Watu walicheka sana.

Mama Odile, mke wake tangu mwaka 1988, alipimwa akakutwa mzima.

Januari mwaka huu macho ya Papa yaligeuka manjano na tumbo likajaa maji. Daktari alieleza kuwa ni homa ya ini ya miaka mingi, inayopita kwa damu, hata kwenye wembe. Dalili ya sumu hakuiona. Mdogo wa marehemu, Aristide, ambaye watoto humwita Tonton, yaani baba mdogo, hakukubali; alidai Mama Odile amemtilia sumu.

"Bon, walikula sahani moja. Mbona yeye iko muzima? Atoke mu nyumba ya kaka!"

Aurélie, binti wa marehemu anayesoma karatasi hii, naye alimshuku mama yake. Alimwaga pondu, mboga ya majani ya muhogo, aliyoipika Mama Odile, mbele ya mgonjwa. Anaona aibu kuyasoma haya. Papa, ambaye hakumwamini mtu, alimgeukia Aurélie.

"Mama akuje na ingine," alisema. "Ya kwake nitakula."

Akala. Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, akiwa ameshikwa mkono na mke wake.

Ameacha mjane, Mama Odile, anayebaki katika nyumba yake, watoto Aurélie, Franck na Bijou, wajukuu saba, na mdogo wake, Aristide.

Jana Tonton aliuliza wembe uko wapi, maana desturi ni ukoo kuchanjwa baada ya mazishi. Aurélie ameulaza ndani ya sanduku, chini ya kiganja cha Papa. Jumatatu ukoo wote unangojwa kwenye kituo cha afya kupimwa homa ya ini, Tonton akiwa wa kwanza.

Papa Édouard apumzike kwa amani, na wembe wake upumzike naye.