Wimbo wa Kitindamimba

Mshona mapazia alikuwa amekaa dirishani kwenye basi, mfuko wa vitambaa mapajani, aliposikia abiria wawili wa kiti cha mbele wakimsema mwanawe. Hawakujua kwamba mama yake amekaa nyuma yao. Walikuwa wakizungumzia ule wimbo wa rap uliofutwa kwenye mitandao ya muziki kwa kuwatukana Wayahudi, na aliyeuimba ni kitindamimba wake.

"Mdundo ule, dada yangu, hata maiti angetikisa bega," alisema mwanamume, kinyozi ambaye, kama vinyozi wengi, hakukosa neno. "Wamemwonea. Wimbo ni wimbo tu."

"Mdundo sina ugomvi nao," akajibu mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi. "Lakini kuwaita watu wadudu, huo nao ni wimbo tu? Kazini nina mwenzangu Myahudi. Juzi mgonjwa aliufungulia kwenye simu huku anafungwa bendeji. Mwenzangu alimaliza kufunga, akamtakia afya njema, kisha akaenda kulia stoo."

Kinyozi akakuna kidevu. "Masikini. Ila ukifuta wimbo, umefuta chuki?"

"Hujaifuta. Lakini moto ukikushinda kuuzima, basi usiupepee."

Mshona mapazia alitamani kiti kimmeze. Basi liliposimama na muuguzi akanyanyuka, alimshika mkono.

"Mwanangu, huyo mwenzako nitampata wapi?"

"Kwani kuna nini, mama?"

"Huyo mwimbaji nimemzaa mimi. Nataka aende akamwombe radhi, nami nitakuwa nyuma yake."

Muuguzi alimtazama yule mama, akakaa tena polepole, na basi likaondoka naye.