Kovu la Feruzi

Kwenye kivuko cha kutoka Lubunga, Papa Lukumani alimpa kijana aliyekaa kando yake, mwalimu Évariste, pasipoti ya mwanawe Feruzi anayekwenda kusoma Bulaya.

"Nisomee hapa."

"Alama za mwili: hakuna."

"Hakuna! Na kovu ya kipaji cha uso iko wapi? Nairudisha kwa karani, kule ng'ambo."

"Papa, atakaa nayo wiki mbili. Meli inaondoka kesho kutwa. Mutoto atakosa masomo!"

"Meli ingoje." Lukumani alikuwa mtu wa kuamini kwamba hata meli ina masikio.

"Kovu ndogo vile, nani ataitafuta?"

"Mimi. Baridi na siagi ya kule itamubadilisha uso. Akirudi nitamujulia wapi?"

Évariste akacheka. "Bon, tonton, si atakuita papa?"

Lukumani hakucheka. "Ni mimi nilimuangusha na baiskeli, akiwa na miaka mine. Nikamubeba mbio mpaka kwa muganga, damu yake kwa shati yangu. Leo wanaandika hakuna."

Évariste akamrudishia pasipoti. Kivuko kikagonga ukingo. Lukumani akasimama mlangoni, pasipoti kifuani, asisogee.

"Papa," watu wakamfokea nyuma, "unashuka ao unarudi?"