Leso Juu ya Runinga

Ndani ya tuktuk ya Malindi, jirani yangu Bi Ummi alimhadithia bibi wa Kihindi aliyeketi naye filamu aliyoiona kwa bintiye Maskati. "Wakaguzi wa huko waliikata kweli! Wapenzi walitazamana tu, mara mtoto akazaliwa."

Bibi akacheka. "Hapa Kenya bodi ya filamu imeiruhusu kwa wenye miaka kumi na sita, busu lote limo. Kwetu India, hata sigara ikivutwa kwenye filamu huandikiwa onyo."

"Kwangu mimi ndiye bodi," akajigamba Bi Ummi. "Likija busu, naifunika runinga kwa leso, wajukuu wasione."

"Na unajuaje limekwisha, dada?"

Dereva akapunguza mwendo, na sikumlaumu.

"Nachungulia. Lazima mtu mzima ahakikishe," akajibu Bi Ummi.

Tukasimama sokoni, bibi alikoomba kushushwa. Hakushuka. "Hiyo bodi yako," akauliza, "ina nafasi?"